Muziki wa Jasusi: Naushikilia Ule wa 1969

Kila muhula nifikapo kwenye mada ya maana, huwapa wanafunzi wangu wa isimu zoezi ambalo mwanzoni huwachekesha. Huwataka walete darasani kitu kisicho na neno hata moja, kisha watueleze kinasema nini, na tumejuaje kwamba kinasema hivyo. Mmoja aliwahi kuleta leso aliyoikata jina lake makusudi. Mwingine alileta honi za matatu alizozinasa barabarani.

Muhula uliopita msichana mmoja, ambaye kwa kawaida ni mkimya mno, alileta muziki wa filamu ya Goldfinger. Alitupigia ile milipuko miwili ya mwanzo ya tarumbeta na tromboni, kisha akauliza swali moja tu: "Ni nani kati yenu amedhani kwamba anayekuja ni mtu mwema?" Hakuna mkono ulioinuka. Nilikuwa tayari kumpa alama zote pale pale, lakini mvulana wa kiti cha nyuma akadakiza kwamba katika filamu zote za James Bond hakuna muziki unaoufikia ule wa Skyfall. Darasa likagawanyika pande mbili kama bunge. Waliponigeukia mimi niamue, niliwashangaza wote kwa kusema kwamba muziki bora zaidi ni wa On Her Majesty's Secret Service, filamu ya mwaka 1969.

"Lakini Daktari," akasema mvulana yule, "hiyo si ndiyo ya yule Bond aliyecheza mara moja tu akatoweka?"

Kengele ililia kabla sijajibu. Nimekuwa na deni tangu siku hiyo, nami naomba msomaji aniruhusu nililipe hapa, kwa sababu nashuku kwamba wako walimu wenzangu ambao pia wameulizwa na wanafunzi wao kwa nini wanapenda wakipendacho, wakajibu kwamba wanakipenda tu. Jibu hilo halimtoshi mwanafunzi, na halipaswi kututosha sisi.

Tuanze na mambo ya hakika. Kuanzia Dr. No ya mwaka 1962 hadi No Time to Die ya mwaka 2021, filamu za Bond zilizotolewa na kampuni ya Eon ni 25. Watunzi walioziandalia muziki ni kadhaa, ila kuna mmoja aliyewazidi wote kwa wingi wa kazi. Huyo ni John Barry, Mwingereza wa mji wa York, aliyezaliwa mwaka 1933 na kuaga dunia mwaka 2011. Babake alimiliki majumba ya sinema, na mwenyewe alianza kama mpiga tarumbeta. Alitunga muziki wa filamu 11 za jasusi huyu. Anayeujadili muziki huu bila kumtaja Barry ni sawa na anayejadili shairi la arudhi bila kutaja vina.

Hata hivyo, mahadhi ambayo kila mtu huyajua, yale ya gitaa yanayotangaza kwamba Bond ameingia, hayakutungwa na Barry. Mtunzi wake ni Monty Norman, naye Barry ndiye aliyeyapangia ala. Suala hilo lilizua ubishi wa miaka mingi, hata likafika mahakamani jijini London mwaka 2001, ambapo Norman alilishinda gazeti moja lililodai kwamba kazi haikuwa yake, akalipwa fidia ya pauni 30,000. Lakini si kesi inayonivutia. Linalonivutia ni mahali mahadhi yenyewe yalikotoka. Kabla ya Dr. No, Norman alikuwa akitunga nyimbo za tamthilia ya muziki iliyotokana na riwaya ya V. S. Naipaul, A House for Mr Biswas, iliyochapishwa mwaka 1961. Ni hadithi ya Mhindi wa Trinidad ambaye wazee walimtabiria kisirani tangu siku ya kuzaliwa, na ambaye maisha yake yote anatafuta nyumba ya kuita yake. Tamthilia hiyo haikufika jukwaani. Norman akachukua wimbo mmoja uliokuwa umebaki mtungini, wimbo wenye ladha ya Kihindi, akazikatakata noti zake ziwe fupi na kavu, akampa Bond. Mpiga gitaa Vic Flick akaupiga, na ulimwengu ukaupokea.

Msomaji hebu atafakari. Mahadhi tunayoyachukua kuwa ya Kiingereza kushinda chai ya saa kumi yalianza kama kilio cha Mhindi maskini wa visiwa vya Karibi, katika kitabu cha mwandishi ambaye mwaka 1966 alikuja kukaa hapa kwa jirani zetu, katika Chuo cha Makerere. Sisi watu wa isimu hatuyashangai mambo kama haya. Neno shule lilitoka kwa Wajerumani na meza kwa Wareno, wala hakuna mtoto wa Kenya anayejihisi mgeni anapoketi shuleni mbele ya meza. Kilichokopwa, kikishatumika vya kutosha, huwa mali ya aliyekikopa.

Chini ya gitaa hilo kuna kitu kidogo zaidi, sauti inayopanda nusu toni, ikapanda nusu toni nyingine, kisha ikarudi ilikotoka. Ni hicho tu. Mwanafunzi yeyote wa sarufi atanielewa nikisema kwamba huo ndio mzizi. Katika Kiswahili mzizi wa kitenzi waweza kuwa konsonanti moja, kama ilivyo -l- katika kula. Uuvalishe viambishi upendavyo, useme hatukula, wamelishana, ataliwa, na msikilizaji bado atatambua kwamba pana mlaji na mlo. Ndivyo watunzi wa Bond walivyoutumia mzizi wa Norman kwa takriban miaka 60. Wameuvalisha fidla, ngoma, vinanda vya umeme, na hata mapigo ya disko, kama alivyofanya Marvin Hamlisch mwaka 1977, nao umebaki kujulikana.

Aliyejaribu kuuficha kabisa alijuta. Mwaka 1995 Mfaransa Eric Serra aliiandalia GoldenEye muziki wa milio ya umeme na vyuma vinavyogongana, na watayarishaji walipofika onyesho la kifaru kinachobomoa mitaa ya St. Petersburg waliingiwa na hofu. Walimwita John Altman aandae muziki mwingine wa onyesho hilo, wenye mahadhi ya zamani. Mimi binafsi sioni kwamba Serra alistahili lawama zote alizotwikwa, lakini nakiri kwamba kifaru hakiendi bila Norman.

David Arnold alikuwa mwerevu zaidi. Katika Casino Royale ya mwaka 2006, filamu ambayo sehemu yake ya mwanzo hutuleta hadi Mbale, Uganda, kijana anayechezwa na Daniel Craig bado hajawa Bond kamili. Arnold basi akamnyima mahadhi. Katika saa mbili na zaidi tunadokezewa vipande tu, huku mahadhi ya wimbo alioutunga pamoja na Chris Cornell yakishika zamu. Ni katika sekunde za mwisho, jasusi anapojitaja jina, ndipo gitaa linapolia kikamilifu. Wanasintaksia wenzangu wataifurahia sentensi hii ndefu ambayo nomino yake imewekwa mwishoni kabisa. Kwangu mimi Casino Royale ni ya pili.

Sasa nirudi kwa msichana wetu. Goldfinger, ya mwaka 1964, ni kazi kubwa, na sitaki adhani kwamba naidharau. Barry aliutunga wimbo, Leslie Bricusse na Anthony Newley wakauandikia maneno, na Shirley Bassey, binti wa Cardiff ambaye babake alikuwa Mnigeria, akauimba kwa sauti ya kukata chuma. Mwaka 1965 santuri ya muziki wa filamu hiyo ilipanda hadi nafasi ya kwanza nchini Marekani. La muhimu zaidi ni kwamba wimbo ule haukubandikwa juu ya filamu kama stempu juu ya bahasha. Ule mlipuko wa tarumbeta unarudi tena na tena, mara kwa kunong'ona, mara kwa vitisho, hadi majeshi ya adui yanapoiendea hazina ya dhahabu ya Fort Knox kwa mwendo wa gwaride. Wimbo na filamu vinasema lugha moja.

Hilo ndilo linalokosekana katika Skyfall ya mwaka 2012. Wimbo wa Adele ni mzuri, na ndio wa kwanza katika filamu hizi kushinda tuzo ya Oscar. Lakini Adele aliutunga na Paul Epworth, ilhali muziki wa filamu ni wa Thomas Newman, na katika kazi nzima ya Newman mahadhi ya wimbo huo yanatokea mara moja tu, Bond anapowasili kwenye jumba la kamari la Macau. Baada ya hapo wawili hao hawasalimiani tena. Namwambia mvulana yule kwamba anachokipenda ni wimbo mmoja na filamu moja, wala si muziki wa filamu.

Kwa nini basi simpi Goldfinger taji? Kwa sababu muziki wake una sauti moja, na sauti hiyo imepaazwa. Ni hotuba ya mgombea ubunge. Hunisisimua, lakini haijawahi kuninyamazisha.

Hapa sina budi kueleza nilivyoijua filamu ya 1969. Nilikuwa na umri wa miaka kama kumi hivi. Mtaani kwetu palikuwa na banda la video la mabati, lenye viti vya mbao na televisheni moja iliyofungiwa ndani ya sanduku la waya ili isiibwe. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekuwa akinipeleka, akinilipia kwa pesa alizopata kwa kuwasaidia watu kubeba mizigo sokoni. Kanda ya filamu ile ilikuwa imenakiliwa mara nyingi kiasi kwamba wahusika walikuwa kama watu wanaozungumza ndani ya mtungi, na Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la nne. Sikuelewa mazungumzo hata chembe. Nilielewa muziki. Ilipoanza ile besi ya kinanda cha umeme, ikiteremka ngazi baada ya ngazi huku tarumbeta zikiikimbilia juu, nilijua kwamba mtu anafukuzwa na kwamba theluji ile si ya mchezo. Na yalipoingia mahadhi ya pili, ya polepole, nilijua kwamba jasusi amependa, na kwamba safari hii hafanyi mzaha.

Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba nilichokisikia banda lile ndicho hasa Barry alichokusudia. Jina la filamu lilikuwa refu na rasmi mno kuweza kuimbwa, kwa hiyo akafungua kwa muziki wa ala tupu. Na tangu mwaka huo hakuna filamu nyingine ya Bond iliyofunguliwa bila mwimbaji. Kisha akatunga mahadhi mawili yanayopingana. La kwanza, lenye kinanda cha umeme kiitwacho Moog, kitu kigeni kabisa katika okestra ya wakati huo, ni la kazi, yaani amri, mbio na hatari. La pili ni la mapenzi, lililoandikiwa maneno na Hal David na kuimbwa na Louis Armstrong. Armstrong alikuwa mgonjwa, hakuweza hata kuipuliza tarumbeta yake katika wimbo huo, akaimba tu; alifariki mwaka 1971. Wimbo unaitwa We Have All the Time in the World, yaani wapendanao wanajihesabia kwamba wana wakati wote wa dunia. Unaimbwa na mtu ambaye wakati wake ulikuwa ukiyoyoma, na kila pumzi ya koo lile lililokwaruzika inatwambia hivyo. Msomaji asiyejua Kiingereza atalisikia hilo bila mkalimani.

Kanda ya banda letu ilikuwa na kasoro moja. Mwanzoni mwake palikuwa na mechi ya kandanda ambayo hakuna aliyejali kuifuta, na filamu hii ni ndefu, dakika zake zapita 140. Kanda ilikatika pale harusini. Bi na bwana harusi walipanda gari lililopambwa maua, wageni wakapunga mikono, kioo kikajaa chenga. Kaka yangu aliinuka, akajipangusa suruali, akasema, "Haya, wameoana," tukaenda zetu. Kwa miaka kadhaa alikuwa akipiga mluzi mahadhi yale ya pili kila palipokuwa na harusi mtaani.

Nilikuja kuuona mwisho wenyewe nikiwa mwanafunzi wa chuo. Maharusi wanasimama kando ya barabara. Gari la adui linapita, risasi zinamiminwa, na mke anakufa kwenye kiti chake, bado na mavazi yake ya safari ya fungate. Muziki unaingia, ule ule wa mapenzi, kwa fidla peke yake, polepole. Maneno hayahitajiki tena, kwani kila anayesikiliza anakumbuka yalikuwa yanaahidi nini. Halafu, kabla hatujavuta pumzi, majina ya wahusika yanaanza kupanda na gitaa la Norman linafyatuka kwa kishindo. Wako wanaosema kwamba hapo mkataji wa filamu alikosea, kwamba ilifaa aache kimya. Mimi nasema hiyo ndiyo sentensi katili kuliko zote katika filamu hizi 25. Mtu amefiwa, na mahadhi ya kazi yanamwita arudi zamu. Bila picha ya pili ya kijana yule, bila neno, muziki umetuambia maisha yake yatakayofuata yatakuwaje. Goldfinger haina kituo kama hicho, wala haikukihitaji.

Hans Zimmer alilijua jambo hili vyema. Alipoandaa muziki wa No Time to Die mwaka 2021, miaka 52 baadaye, aliyarudisha mahadhi yote mawili ya Barry. Lile la mapenzi linasikika mapema, Bond akiwa barabarani na mpenzi wake karibu na mji wa Matera, Italia. Waliokuwa nami ukumbini, wengi wao vijana, walitabasamu. Mimi nilishika mkono wa kiti. Mwenye kumbukumbu ya 1969 alikwisha kuambiwa mwisho wa hadithi, na mwishoni kabisa ni sauti ya Armstrong iliyotutoa nje.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu Barry ambalo sikupata nafasi ya kuwaambia wanafunzi, nalo linatuhusu sisi Wakenya moja kwa moja. Kwa filamu zake zote 11 za Bond hakuteuliwa hata mara moja kuwania Oscar. Tuzo zake 5 alizipata kwingine, na 3 kati ya hizo zilitoka kwa filamu zilizopigwa humu nchini. Born Free ya mwaka 1966, hadithi ya simba jike Elsa, ilimpa 2, moja ya muziki na moja ya wimbo, ambao maneno yake ni ya Don Black, mwandishi wa maneno ya Thunderball, na uliimbwa na Matt Monro, yule yule aliyeimba From Russia with Love mwaka 1963. Ya 3 ilitokana na Out of Africa ya mwaka 1985. Sikiliza pale ndege ndogo inapowabeba wapendanao juu ya mabonde na makundi ya heroe, kisha urudi kwenye mapenzi ya 1969. Ni mkono mmoja: fidla zinazotandaza sentensi ndefu isiyo na haraka, huku pembe zikijibu chini yake. Milima ya Uswisi na vilima vya Ngong vimepewa sarufi moja.

Je, tulalamike? Nimesikia wenzangu wakilalamika kwamba katika mahadhi yale makuu hamna nyatiti wala ngoma. Nawaelewa, maana mamilioni ya watu ambao hawajawahi kukanyaga nchi hii huisikia Kenya kwa fidla za London. Lakini ninapokumbuka lafudhi za kuigiza zilizojaa katika filamu za Bond zenyewe, kama zile ngoma za kutisha zilizopigwa kila mtu mweusi alipotokea katika Live and Let Die ya mwaka 1973, naona afadhali mgeni anayesema kwa lugha yake mwenyewe kuliko anayejifanya kuiga yetu. Barry alitunga hamu ya mgeni, na hamu hiyo ilikuwa ya kweli. Muziki wa wenyeji ni kazi ya wenyeji, na watayarishaji wetu wa filamu hawana kisingizio.

Juzi nilimpigia simu kaka yangu, ambaye siku hizi yuko Doha na ni babu wa wajukuu wawili. Nilimweleza ubishi wa darasani, nikampigia mahadhi yale kwenye simu. Aliyatambua kabla ya noti ya tano, akayafuata kwa mluzi. Ndipo nikamwambia, baada ya miaka yote hii, kwamba mke anauawa. Alinyamaza kidogo.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe umesoma sana. Mimi nililipa kiingilio, nikawaona wakiondoka na gari lao. Wameoana."

Kisha akaendelea na mluzi wake.